Kumwambia Apumzike

...na nikimaliza upande huu wa kulia nitamwambia, nimeshajiapiza, kwa sababu mtu ambaye kichwa chake kiko mikononi mwako na mkasi uko karibu na sikio lake hawezi kuinuka na kusema kuna lori linamngoja, ndiyo maana nilichagua leo, Jumamosi ya kukata nywele, hata Hadassa alicheka jana kwenye simu, binti yangu huyu aliyeolewa Kampala, akasema, "Maman, uko na akili ya vita, mais umuambie kweli, usimuachilie," nikamjibu ndiyo, nitamwambia, baba yenu ataacha kazi, atauza depo ya Beni, ataketi, atalala mchana kama wazee wenzake, daktari amesema moyo wake umechoka, na sisi hatukosi kitu, Mungu ashukuriwe, tangu zamani hatukosi kitu... lakini yuko kwenye simu. Lini hayuko kwenye simu? Ameibana kati ya sikio la kushoto na bega, kichwa kimelala upande, na mimi nazunguka kigoda chake hapa uani kama mtu anayefukuza kuku, nikisema, "Simamisha kichwa, Papa Ananie," naye ananyanyua kidole, ngoja, Éphraïm anasema. Éphraïm ndiye anayemwangalizia depo ya kakao kule Beni, mtaa wa Beu, mtu mzima mwenye wajukuu na sauti ya kuuza mitumba, maneno yake yananifikia hata mimi niliyesimama nyuma, mvua, bâche ya kufunikia, magunia aliyoletewa, mvua tena... "Yote ilinyeshewa?" mume wangu anauliza, "mais bâche ilikuwa wapi?" na naona shingo yake inavyochangamka, kweli, shingo, ukiishi na mtu miaka mingi unamsoma hata kwa nyuma, ile mishipa ilikuwa imelegea alipoketi na sasa imesimama, mgonjwa wa moyo huyu! Nakata. Nywele zinaanguka nyeupe juu ya taulo, zamani zilikuwa nyeusi na ngumu, zilinivunjia vitana, na watu wanashangaa mpaka leo, mume wangu, Lusenge mzima, mwenye malori, anakatwa nywele na mkewe nyuma ya jiko, pasteri alimwuliza, akajibu kwamba mashine za saluni zinaleta vidonda, uongo mtupu, mimi nilidhani ni ubahili, mpaka mwaka ule nilipolazwa na tumbo, akaziacha nywele zikaota, akaenda kanisani vile vile kama mtu aliyefiwa, akaningoja mimi nipone, nilipotoka hospitali alileta kigoda tu, akaketi. Huyo ndiye ninayetaka kumwambia aache.

Si kwamba sijawahi kumwuliza. Nimemwuliza mara nyingi, unatafuta nini tena, nguo una koti hilo hilo moja, chakula unataka maharagi na bugali na sombe ya majani ya muhogo, pombe hunywi, wanawake... wanawake, kama wapo, basi ni hodari wa kujificha, na kila mara ananijibu, "Njo kazi, Mama Ananie," ndiyo kazi basi, kana kwamba kazi ni mvua, inanyesha tu, hakuna aliyeiomba. Ndiyo hiyo nyumba iliyosimama mbele yetu. Ghorofa. Sisi tunalala huku nyuma, kwenye annexe, kijumba cha uani, kwa sababu jiko liko huku, na mimi nikilala kule juu nasikia vyumba vinavyonyamaza, viti vya sebuleni bado vina plastiki yake, ukikaa vinalia, vyumba vya watoto ambao wana vyumba vyao kwingine, Ananie Kinshasa, Hadassa Kampala, wanakuja Noeli, wanalalamika baridi ya Butembo, wanakwenda zao. Na juu kabisa vyuma vimeachwa vimesimama, vya kupandisha ghorofa nyingine, nikamwuliza ya nani, akacheka na fundi wake, akasema nyumba yenye vyuma juu bado inakua, na mwenye nyumba inayokua Mungu hamwiti upesi. Nilijua anatania, na nilijua hatanii. Kwa miaka nilikuwa na jibu langu mwenyewe, Luofu, baba yake kule Luofu aliuza mbuzi, halafu akauza shamba kipande kipande, kipande cha juu kwanza, kwa ajili ya shule ambayo Lusenge hata hakuimaliza, akafa katika nyumba ya kuazima, na siku ya mazishi wakahitaji kuomba ruhusa kwa mwenye kununua ili mzee azikwe kwenye kilima kilichokuwa chake... mtoto aliyeona hivyo hashibi. Mwenye kovu usidhani amepoa, nilikuwa nawaambia watoto, mwacheni baba yenu, anakimbia njaa. Lakini mtu anakimbia njaa mpaka wapi? Alishakinunua kile kilima, chote, na cha jirani, miti imepandwa, imekua, njaa ilibaki nyuma zamani, haioni hata vumbi lake, na bado anakimbia, na hili ndilo linalonichoma, anakimbia akicheka. Anacheka hata sasa. "Éphraïm, weye, ulikamata gunia kwa macho tu?" anasema, anacheka mpaka mkasi unaruka, kidogo nimkate sikio, "Tulia basi!" nasema, naye anamwambia Éphraïm, "Mama Ananie anataka kunitosha sikio," wanacheka wote wawili, mmoja hapa kwenye ukungu na mwingine kule kwenye joto, na mimi katikati nimeshika kitana. Lini alicheka hivyo na mimi?

Mwaka ule barabara ya Beni ilipofungwa kwa vita alikaa nyumbani, hapo ndipo nilipomwona mume wangu asiye na kazi, nisiseme uongo. Alipanga sufuria zangu kwa ukubwa. Alisema maharagi nayachemsha kwa makaa mengi mno, akakaa kando ya jiko ameshika saa, akanunua makaa ya mwaka mzima kwa mkupuo kwa sababu bei ilikuwa nzuri, tukakosa pa kupita uani, akambana mama wa ndizi pale mlangoni mpaka mama wa watu akaketi chini akalia, halafu akanunua mkungu wote, na hatukuwa na mtu wa kuula, tukawagawia majirani na wao wakachoka. Geti anakwenda kuliangalia kama limefungwa, anarudi, anakwenda tena. Na jioni moja nikamkuta ameshika simu, hazungumzi, ameishika tu, anaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Telefone yangu inaita kweli? Jaribu kuniita." Nikampigia. Nimesimama mbele yake, pua kwa pua, nikampigia, ikaita, akaitazama, akasema, "Bon, iko muzima." Ee Mungu wangu. Nilifunga kula nikiomba barabara ifunguliwe, mimi huyu huyu ambaye leo nataka aifunge mwenyewe. Na Maliro je? Mume wa dada yangu Kavuo, hapa hapa Butembo, watoto wake walimwambia vile vile, Papa, pumzika, akauza duka lake la mabati, akapumzika, akawa anasimama barabarani mbele ya nyumba yake kuwauliza wapita njia bei ya mabati, na wakimwambia anasema, "Njo bei mubaya, bananiibia," kana kwamba duka bado ni lake. Tulimzika kabla mvua hazijarudi. Daktari akasema sukari. Kavuo akasema, "Sukari gani? Mutu alikufa na kimya," akalisema matangani, mbele ya watoto wake, tukamnyamazisha, na mimi nilikuwa wa kwanza kumnyamazisha, nikamwekea kitenge mdomoni kwa mkono wangu, dada yangu mwenyewe... Lakini moyo. Moyo wa Lusenge si hadithi, daktari aliusikiliza kwa muda mrefu, uso wake ukabadilika, akasema apunguze, dawa asubuhi na jioni, asipande na kushuka barabara ile kila wiki, apunguze. Apunguze, alisema. Watoto ndio waliosema aache. Tofauti hiyo naiona sasa hivi tu, au naitafuta kwa sababu naogopa kumwambia? Naogopa kumwambia na naogopa kunyamaza, akianguka kwenye kona kule Maboya, njiani kwenda Beni, ndani ya gari, mbali na mimi, nani atajua dawa iko katika mfuko gani wa koti? Mfuko wa ndani, wa kushoto, mimi niliushona. Namzungukia mbele kidogo kuangalia kama upande wa kulia umelingana, umelingana, nimemaliza basi, sasa ndiyo saa ya kumwambia, akiweka simu tu.

"Sikia," anasema kwenye simu, na sauti imeshuka, ni ile sauti yake ya kufundisha, "weye hapana angalia juu ya gunia. Juu ya gunia ni salamu. Ingiza mukono mupaka chini, chini njo kuko habari. Na uangalie mutu mwenye kuileta, kama anashikashika mudomo ya gunia, ule anakuficha kintu." Éphraïm anauliza jambo, silisikii vizuri. "Nani alinifundisha?" anasema mume wangu. "Mutu moja. Ku soko ya maharagi. Mukali sana ule mutu!" Mutu moja! Mkasi umesimama wenyewe hewani. Maneno yangu hayo, salamu na habari, hata ile pumzi aliyoiweka katikati ni yangu, nilimwambia mimi, mimi nilikuwa na biashara kabla yake, watu wamesahau, watoto hawajui kabisa, wanadhani baba yao alianza na mimi nikafuata na sahani mkononi, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nakwenda Luofu kununua maharagi, nikiyapeleka mpaka Beni kuyauza, msichana mwembamba mwenye mdomo, na yeye alikuwa anasukuma chukudu ya mtu mwingine, kile kigari cha mbao cha mizigo, nikamlipa abebe magunia yangu, na nilimkaripia, ee, nilimkaripia mbele ya soko zima, siku aliyonipokelea gunia lenye mawe chini, nikamkamata mkono nikauingiza mwenyewe ndani ya gunia mpaka kiwiko, akanitazama tu, hapo ndipo yalipoanzia yote, mkono wake na mkono wangu ndani ya maharagi. Tulipooana tulikuwa tunapanga bei kitandani, yeye anataja, mimi nasema hapana, ongeza, anasema watakimbia, nasema wakimbie wapi, tunacheka mpaka Ananie anaamka analia. Halafu ikaja depo. Halafu komptable wa kushika hesabu, na karani, na malori. Halafu akina mama wa kanisa wakaanza, mke wa Lusenge anaketi chini sokoni kama asiye na mume? Akaniletea kiti, kizuri, chenye mto, akakiweka mwenyewe barazani, akasema, "Mama Ananie, sasa umepumzika," kwa upendo, naapa, kwa upendo wote alio nao, na mimi nikalia, akadhani ni furaha, nikamwachia adhani hivyo.

Kwa hiyo najua. Ndilo hilo. Daktari hajui, Hadassa hajui, ninayejua ni mimi kwa sababu mimi ndiye niliyepumzishwa kwanza, najua saa nne ya asubuhi ilivyo ndefu vyombo vikishaoshwa, najua kumwita msichana wa nyanya mlangoni na kubishana naye bei na ndani nyanya zimejaa, najua kuvaa vizuri na kukaa. Hatukosi kitu, nawaambia watu kila siku, hatukosi kitu, na mimi nimekosa kutumwa, nimekosa kuitwa, nimekosa mtu wa kuniambia Kavira, njoo uangalie gunia hili, mimi silielewi. Tunasema fulani anapenda pesa, fulani hatosheki... labda wapo, siwezi kuwasemea, lakini huyu wangu pesa haitazami hata ikija, anaipa komptable, anachokitazama ni simu, pesa kwake ni habari tu kwamba leo pia kuna mtu alimhitaji, na hiyo haiwekwi akiba, ya jana hailishi leo, ukiwa na nyumba za kujaza mji bado kesho asubuhi unaamka huna. Na mimi nilitaka kumpa kiti changu. Nilisema ni moyo wake, na ni moyo wake, lakini si huo tu, nilikuwa na wivu, Mungu anisamehe, mwanamke wa umri wangu nilikuwa na wivu na kakao, nilitaka aje akae nami ndani ya kimya changu tuwe wawili, na ningemwona akigeuza simu mkononi, na ningesema, angalau yuko hapa. Nampenda mtu huyu. Nampenda akiwa anacheka, na mimi nilikuwa nimekuja na mkasi kumkata kicheko.

"Bon, Éphraïm, nitakuita," anasema, simu inaingia mfukoni, na kichwa kinasimama sawa kwa mara ya kwanza leo, nusu kimekatwa, nusu kichaka, na bila kugeuka anasema, "Weye uko na kintu ya kusema tangu asubui. Sema." Kumbe anajua. Naye ananisoma kwa nyuma. Hadassa binti yangu, utanikasirikia, nitakueleza, sijui nitakuelezaje... Nampangusa nywele shingoni na mkono wangu unabaki pale, mishipa inapiga, haraka kidogo kuliko inavyotakiwa, naogopa, sitasema siogopi, naweza kumpoteza kwenye barabara ile na naweza kumpoteza hapa hapa penye makaa, hilo silichagui mimi, la kuchagua ni mimi niwe wapi.

"Lundi unashuka Beni?" namwuliza, Jumatatu ndiyo siku yake ya barabara.

"Asubui. Juu ya nini?"

"Tutashuka wote."

Anataka kugeuka, nakishika kichwa. "Weye? Kufanya nini?"

"Kununua kakao. Weye utaketi ku kivuli, utakunywa dawa yako. Miye nitaangalia magunia. Na hatutashuka kila juma, daktari alikataza."

"Mais nilikupumzisha, Mama Ananie."

"Haukuniulizaka."

Simwoni uso, niko nyuma yake, naona masikio tu, moja limezungukwa na nywele na jingine liko wazi kama la mtoto wa shule, na naona anavyovuta pumzi, ndefu, anaiacha. "Na weye haukuniambiaka," anasema polepole, na ni kweli, nililia na sikusema, miaka yote hiyo nilimwekea bugali mezani na sikusema, yeye hakuuliza na mimi sikusema, watu wawili wanaojua kupima gunia kwa mkono... Simu inaita. Inaita mfukoni mwake, tumbo lake linatetemeka nayo, na mimi nangoja aibane begani kama kawaida, nimeshanyanyua mkasi kuanza upande wa kushoto, lakini anaitoa, anaitazama, na anaupitisha mkono juu ya bega lake mpaka nyuma, kwangu, na simu inalia katikati ya vidole vyake.

"Njo Éphraïm," anasema. "Jibu weye. Ile magunia, umwambie kama anarudisha ao anakamata, miye sijui."

Anajua sana. Mkono wangu umejaa nywele zake, naufuta kwenye kitenge, naichukua. "Allô," nasema, na sauti inanitoka kubwa kuliko nilivyotaka.